Kumtafuta Mzee wa Kwanza wa Ukoo katika Ngara na Biharamulo

Katika nchi zetu za Ngara na Biharamulo hakuna swali la kawaida kuliko hili: "Ninyi ni watu wa ukoo gani, na mzee wenu wa kwanza alitoka wapi?" Wazee huulizana hivyo kabla ya posa, ili watu wa damu moja wasioane bila kujua. Wanaogombea shamba huulizana hivyo mbele ya baraza. Na maofisa nao huuliza kwa karatasi, maana Ngara yapakana na Rwanda na Burundi, na watu wamepita huku na huku tangu zamani. Swali ni jepesi, bali jibu lake ni gumu, na wengi hulijibu upesi mno. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kulitafuta jibu hilo kwa taratibu, wasidanganyike na majina makubwa, wala wasione haya kwa majina madogo.

Aliyetufanya tuandike maneno haya ni kijana mmoja tuliyemfundisha alipokuwa mdogo. Alikuja nyumbani ana karatasi mkononi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa nieleze asili ya babu zangu, nami nimeandika. Naomba unisahihishie lugha tu." Tulipoisoma tukakuta majina saba yamepangwa vizuri, la kwanza lake mwenyewe, na la saba Ruhinda. Tukamwambia, "Mwanangu, lugha yako ni njema. Lakini je, majina haya umeyapata kwa nani?" Akajibu kwamba matatu ya kwanza ameyajua mwenyewe, na mengine amepewa na mtu mmoja wa ukoo. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza.

Kwanza yafaa tueleze Ruhinda ni nani, na kwa nini jina lake hukutwa mwisho wa nasaba nyingi. Wazee wa Karagwe husimulia kwamba Ruhinda alikuwa mwana wa Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi, naye akaja Karagwe akautwaa utawala. Wana na wajukuu wake wakaenea, wakatawala Ihangiro, Kyamtwara, Buzinza na kwingineko. Rusubi, yaani nchi ya Biharamulo ya leo, ilikuwa sehemu ya Buzinza kabla haijajitenga ikawa na mtemi wake yenyewe. Watawala hao wote huitwa Wahinda, kwa jina la baba yao. Padre van Thiel, wa shirika la Mapadre Weupe, aliandika habari za Buzinza chini ya Wahinda katika gazeti la wataalamu liitwalo Anthropos, mwaka 1911. Katika gazeti lilo hilo, mwaka 1927, Padre Césard aliandika jinsi Wahaya wanavyoieleza asili yao. Basi jina la Ruhinda ni jina la heshima, tena limetiwa vitabuni. Si ajabu kila ukoo kutaka kulishika.

Lakini nasaba hupimwa. Kipimo cha kwanza ni hesabu. Wanaochunguza mambo ya kale huhesabu miaka 25 au 30 kwa kila kizazi. Majina saba, hata tukiyapa miaka 30 kila moja, hayazidi miaka 210. Ruhinda naye, kwa hesabu ya wafalme waliomfuata, aliishi zamani sana, miaka 400 iliyopita au zaidi. Kwa hiyo ama majina mengi yameanguka njiani, ama jina la mwisho limebandikwa juu ya majina yasiyo yake. Tusiseme mara moja kwamba ni uongo. Mara nyingi mzee wa zamani alisema, "Babu yetu alikuja zamani za Mhinda fulani," na mjukuu akasikia, "Babu yetu alikuwa Mhinda." Mgeni aliyepewa shamba na mtemi si mwana wa mtemi, ingawa wote wawili hutajwa katika hadithi moja.

Kipimo cha pili ni mwiko wa ukoo, ambao Wahaya na jirani zao huuita omuziro. Kila ukoo una mnyama au kitu kingine ambacho watu wake hawali wala hawakidhuru. Mwiko wa Wahinda ni tumbili. Mtu akisema yeye ni Mhinda, na babu zake hawakumheshimu tumbili kamwe, bali walishika mwiko mwingine, yampasa aeleze sababu yake. Hata hivyo mwiko peke yake hautoshi. Koo zenye jina moja na mwiko mmoja hupatikana katika nchi nyingi, toka Nkore hadi Buzinza, wala si lazima ziwe zimetoka katika tumbo moja. Wengine walipokelewa katika ukoo kwa udugu wa damu, wengine kwa kulelewa, wengine kwa kumtumikia bwana. Mwiko waonyesha mtu alipokelewa na nani. Hauonyeshi daima alizaliwa na nani.

Kipimo cha tatu ni majina yenyewe. Watawala wa nchi hizi hurudia majina. Katika Burundi majina manne ya wafalme, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, yalifuatana kwa zamu. Katika Karagwe pia akina Ntare walikuwa wengi. Basi mzee akisema, "Babu alikuja zamani za Ntare," hatuna budi kuuliza, "Ntare yupi, na wa nchi gani?" Asiyeuliza hivyo aweza kukosea kwa miaka mia na zaidi.

Ili kulipata jibu, usimwulize mzee mwaka, maana miaka ya tarakimu haikuwa desturi ya kale. Mwulize mambo yaliyotukia. Mathalani: Je, babu yako alikwisha kuzaliwa ng'ombe walipokufa kwa sotoka? Ugonjwa huo ulipita katika nchi zetu kama mwaka 1890 na 1891. Je, alikuwa mtu mzima au mtoto funza walipoanza kula vidole vya watu? Hao waliingia miaka ile ile ya 1890. Je, alibeba mizigo ya Wadachi au ya Wabelgiji? Wabelgiji waliitwaa Biharamulo mwaka 1916, katika vita vilivyoanza mwaka 1914 na kwisha mwaka 1918. Na kwa habari za zamani zaidi, twajua kwamba Mwingereza Speke alipita Rusubi mwaka 1861, zamani za Suwarora, aliyemtoza hongo nyingi, kisha akafika Karagwe kwa Rumanyika. Basi ukoo ukisema, "Mzee wetu alikuwa mtu wa Suwarora," tumepata kigingi cha kufungia kamba. Toka hapo twaweza kuhesabu mbele na nyuma.

Tulipomaliza kumweleza kijana wetu hayo, aliinamisha kichwa. Akasema, "Mwalimu, kumbe sina kitu." Tukamwambia, "Una majina matatu ya hakika. Mengi huanzia hapo." Tena tukamweleza kwamba zaidi ya vinywa vya wazee tuna karatasi, nazo ziliandikwa kwa sehemu kubwa na Wafaransa.

Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa huko Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, Mfaransa. Msafara wao wa kwanza kuja pande hizi ulitoka Marseille mwaka 1878. Waliweka misheni Ushirombo mwaka 1891, na kabla ya mwaka 1900 walikwisha kufika Katoke katika Rusubi. Sheria yao ilikuwa kila misheni iandike habari zake katika daftari, nao waliziandika kwa Kifaransa. Vitabu vya ubatizo waliviandika kwa Kilatini. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la mbatizwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi, mahali, siku, na padre aliyebatiza. Baadaye pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa. Mtu ajuaye kusoma mstari mmoja wa kitabu hicho amepata vizazi viwili kwa mara moja.

Lakini msomaji na ajihadhari na herufi. Mfaransa huandika sauti yetu ya u kwa herufi mbili, ou, na sauti ya sh kwa ch. Basi Bushubi kwake huweza kuwa Bouchoubi. Mdachi huandika sh kwa herufi tatu, sch, na y kwa j. Speke aliandika Usui, naye alikuwa akisema Rusubi. Tena lugha zetu zenyewe hubadilisha r na l, na majina huanza kwa omu- huku na kwa umu- kule. Yohana huwa Joannes katika Kilatini, na Paulo huwa Paulus. Usiseme, "Babu yangu hayumo," kabla hujalisoma jina kwa sauti, kama angelisikia mgeni asiyejua lugha yetu. Tena ukumbuke kwamba wakatekumeni wa Mapadre Weupe walifundishwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa hiyo mtu aliyefika misheni mwaka fulani utamkuta kitabuni baada ya miaka, si mwaka ule ule. Na kitabu cha parokia kikiwa kimeliwa na mchwa, yafaa kuuliza jimboni, maana sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka.

Hapa twaomba ruhusa ya kuwapeleka wasomaji wetu mbali kidogo, kwa sababu wako watu wa lugha ile ile ya mapadre hao waliokwisha kuifanya kazi hii kuliko wengine wote. Hao ni Wafaransa wa Kanada. Babu zao walivuka bahari kwenda kukaa katika nchi ngeni, na wengi wao leo waweza kumtaja mzee wao wa kwanza aliyetoka Ufaransa, na mwaka aliooa, na kijiji alichozaliwa. Waliwezaje?

Mji wa Québec ulianzishwa na Champlain mwaka 1608. Mwaka 1617 alifika Louis Hébert pamoja na mkewe Marie Rollet na watoto wao, nao wahesabiwa kuwa nyumba ya kwanza ya Wafaransa kukaa huko na kulima. Toka mwaka 1621 mapadre waliandika vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1640 kanisa likaungua moto, na vitabu vikateketea. Walifanya nini? Walikusanya habari kutoka vinywani mwa watu, wakaandika upya. Basi hata karatasi ile isifiwayo kwa uhakika, mwanzo wake ni kumbukumbu za watu, kama zetu. Baadaye ikaamriwa vitabu viandikwe viwili viwili, kimoja kikae kanisani na kimoja kwa serikali, ili kimoja kikipotea kingine kibaki. Na katika ndoa waliandika majina ya baba na ya mama wa pande zote mbili. Kwa mlango huo mtu hupanda toka mwana hadi babu bila kukatika. Padre Cyprien Tanguay alizikusanya nasaba hizo katika vitabu saba vikubwa, vilivyochapwa toka mwaka 1871 hadi 1890.

Nao pia walisumbuliwa na majina. Jamaa nyingi zilikuwa na jina la ukoo na jina la pili la kupewa, kama la askari jeshini. Watoto wengine walishika la kwanza, wengine la pili, na leo ndugu wa damu moja huitwa kwa majina mbalimbali. Atafutaye asiyejua jambo hili hupotea kama sisi tunavyopotea kwa akina Ntare.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Wengi walioanza kutafuta walitumaini kumkuta mzee wa kwanza aliye mtu mkubwa. Walikuta nini? Walikuta watumishi wa mkataba waliojiuza kazi kwa miaka mitatu ili walipiwe nauli. Walikuta askari wa jeshi lililofika mwaka 1665, ambao baadhi yao walibaki wakapewa mashamba. Na akina mama wa kwanza, wengi wao walikuwa wasichana karibu 800 waliopelekwa kwa gharama ya mfalme kati ya mwaka 1663 na 1673, wakaolewe huko. Wengi wao walikuwa maskini, na wengine yatima waliolelewa katika nyumba za huruma za Paris. Watu wa Québec hawakuwaficha. Leo hujivuna kwa kusema, "Mama yetu wa kwanza alikuwa mmoja wa wasichana wale."

Haya tulimsimulia kijana wetu, kisha tukaenda naye kwa bibi yake, yaani mke wa babu yake marehemu, mwanamke mzee sana. Maana wengi huwasahau wanawake, wakidhani nasaba ni mambo ya wanaume. Lakini mwanamke aliyeolewa katika nyumba husikia siri za nyumba ile kwa masikio ya mgeni, wala hazisahau. Tulimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibuni." Tukakaa. Tulipomwuliza habari za baba mkwe wake, alinyamaza kitambo. Kisha akamwuliza mjukuu wake, "Wataka kujua, au wataka kusifiwa?" Kijana akajibu, "Nataka kujua, Bibi."

Akasema kwamba baba mkwe wake hakuwa Mhinda, wala hakuzaliwa nchi hii. Alikuwa mtoto aliyeletwa na msafara, hajui baba wala mama, ila alikumbuka kwamba kwao kulikuwa ng'ambo ya maji makubwa, upande wa jua kuchwa. Mapadre walimkomboa kwa nguo, wakamlea. Alipokuwa mtu mzima alihamia huku pamoja na msimamizi wake wa ubatizo, naye ndiye aliyempa shamba na mwiko. Toka siku ile akahesabiwa mtu wa ukoo ule. Watoto wake walikatazwa kulisema neno hilo, wasije wakaitwa wana wa mtumwa.

Tulikwenda kutafuta katika misheni moja ya zamani, na padre mwenye vitabu akatusaidia kwa uvumilivu. Siku ya pili tukauona mstari. Jina lilikuwa la Kilatini, na jina la kienyeji limeandikwa kwa ou za Kifaransa. Mahali pa baba na mama palikuwa na neno lenye maana ya "hawajulikani". Mahali pa msimamizi palikuwa na jina lile lile alilolitaja bibi. Kinywa na karatasi vilikuwa vimekutana. Kijana aliuweka mkono wake kandokando ya mstari ule, wala hakusema neno kwa muda.

Wasomaji watauliza, "Je, alipata hasara?" Twaona hakupata. Kwanza, alikuwa na majina saba yasiyoweza kusimama mbele ya mtu yeyote anayejua kuhesabu. Sasa ana majina manne yaliyo thabiti. Pili, mstari ule waonyesha kwamba jamaa yake ilikuwa imekaa katika nchi hii tangu zamani za Wadachi, wala orodha ya wafalme isingeweza kuonyesha hivyo. Tatu, amejua kwamba asili yake ina mashina mawili: shina la damu, ambalo lapotea ng'ambo ya ziwa, na shina la kupokelewa, ambalo ni la watu wa hapa hapa. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Tulikuwa tukidhani maana yake ni kwamba aliyezaliwa na watu wakubwa asiwasahau. Lakini twaona yamfaa zaidi mtu huyu: babu yake alikwisha kukombolewa, na wajukuu walioificha habari yake ndio waliobaki wamefungwa na hofu.

Jambo hili si la nyumba moja. Katika wilaya zetu asili ya mtu imekuwa jambo la kuogofya. Bugufi ilikuwa zamani sehemu ya Burundi, na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ikakatiwa upande wa Tanganyika. Watu wengine hawakuhama hata hatua moja, bali mpaka ndio uliohama. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wakikimbia mauaji. Mwaka 2013 Serikali ilifanya msako wa wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Katika mambo kama hayo mtu asiye na habari za babu zake husumbuka, na mwenye habari za uongo husumbuka zaidi.

Basi twafunga kwa mashauri machache. Anza na wewe mwenyewe, upande kizazi kimoja kimoja. Usiruke kwenda kwa mfalme ukitafuta njia ya kushuka. Kila jina lipate mashahidi wawili, kinywa na karatasi, au vinywa viwili vya nyumba mbali mbali. Andika nani alikuambia, na siku gani. Waulize akina mama. Tafuta kigingi cha mwaka katika mambo yaliyotukia. Usione haya kuandika "hajulikani" pale asipojulikana, kama padre yule alivyoandika. Na ukiisha kuandika, fanya nakala mbili, moja ukae nayo, moja umpe ndugu anayekaa nyumba nyingine, kama walivyoamriwa Wafaransa wale baada ya vitabu vyao kuungua.

Nayo kazi hii yataka haraka kuliko kazi nyingine za elimu, maana kitabu cha kanisani chaweza kungoja, bali bibi mzee hangoji. Yule wa kijana wetu alifariki kabla mwaka haujaisha. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kuyaandika maneno yake yote.